Sauti na Mtutu katika Pembe ya Afrika

Jamhuri ya Somalia ilipozaliwa tarehe 1 Julai 1960, bendera yake ilikuwa na nyota ya ncha tano. Ncha mbili zilikuwa za sehemu zilizokwisha kuungana. Tatu zilikuwa za Wasomali waliobaki Djibouti, Ogaden nchini Ethiopia, na kaskazini mashariki mwa Kenya. Majirani waliisoma nyota hiyo kama ramani ya madai, nao hawakukosea.

Kabla ya kifaru kuvuka mpaka, sauti ilivuka. Wasomali ni watu wa mashairi, na mfugaji aliyekuwa malishoni Ogaden aliweza kuisikia Redio Mogadishu ikisema lugha yake na kughani tungo za watu wake. Utawala wa Mfalme Haile Selassie haukuwa na jibu. Mfugaji yule aliufahamu kwa kodi na askari kuliko kwa shule. Mwaka 1972 serikali ya Siad Barre ikaamuru Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, na kampeni ya kufuta ujinga ikafika hadi kwa wafugaji. Hiyo ilikuwa nguvu kubwa, na haikuhitaji risasi hata moja.

Ethiopia ilikuwa na ushawishi wa namna nyingine. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa mwezi Mei 1963, na makao yake makuu yakawa huko huko. Mwaka uliofuata, mjini Cairo, wakuu wa nchi wakaazimia kwamba mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru iheshimiwe. Somalia ikakataa. Tangu hapo askari wa Ethiopia aliyekuwa zamu mpakani alikuwa na azimio la Afrika nyuma yake.

Kenya ilionja mapema mchanganyiko huo, katika mapigano na mashifta. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyopatanishwa na Rais Kaunda wa Zambia, yalitaka amani mpakani na pia kukomeshwa kwa propaganda za uadui redioni na magazetini. Waliotia saini walijua kwamba polisi wa Wajir alikabiliwa na vyote viwili.

Mwezi Julai 1977, Ethiopia ikiwa imedhoofishwa na mapinduzi, jeshi la Somalia liliingia Ogaden, na Septemba likaiteka Jijiga. Mogadishu ilidai kuwa waliopigana ni wapigania ukombozi wa Ogaden peke yao, lakini vifaru havifichiki. Kwa kuvuka mpaka, Somalia ilijinyima marafiki. Urusi, iliyokuwa imewafunza askari wake, ikahamia upande wa pili, na Novemba Barre akawafukuza washauri wa Kirusi. Maelfu ya askari wa Cuba wakaja kuisaidia Ethiopia. Marekani ikakataa kutoa silaha. Hata Kenya, rafiki wa nchi za Magharibi, ilisimama upande wa Ethiopia ya kijamaa. Machi 1978 Jijiga ilikombolewa, na Barre akatangaza kuliondoa jeshi lake. Wafugaji wale wale waliokuwa wakiisikiliza Mogadishu wakaenda Somalia kwa mamia ya maelfu, wakiwa wakimbizi.

Ethiopia nayo ikaishika silaha ya jirani yake. Waasi wa Kisomali wa SNM, waliohamishia makao yao Ethiopia mwaka 1982, walipata huko kambi, bunduki na kituo cha redio. Aprili 1988 Mengistu na Barre walikubaliana kutowasaidia tena waasi. Mwezi uliofuata SNM, wakiwa wamepoteza maficho yao, walivuka mpaka na kushambulia Burao na Hargeisa, na ndege za serikali ya Somalia zikaupiga mabomu mji wa Hargeisa.