Betri ya Pili Ndani ya Motokaa

Usiku mmoja lilikuja kijijini kwetu gari la vipaza sauti, na watu wakakusanyika uwanjani pa shule kusikiliza nyimbo na habari. Dereva alizima injini ili ngurumo yake isiharibu sauti. Tulikaa hata usiku ukawa mwingi, wala hakuna aliyetaka kuondoka. Ndipo akaja mtu mbio kusema kwamba mama mmoja ameshikwa na uchungu tangu alasiri, apelekwe hospitali. Dereva akageuza ufunguo. Injini ikalia ta, mara moja tu, ikanyamaza. Vipaza sauti vilikuwa vimekwisha kula umeme wote. Wanafunzi wetu walilisukuma gari lile mpaka mteremko wa mtoni, likawaka, na yule mama akafika salama. Lakini tangu siku ile tulijiuliza: ilikuwaje betri moja ikapewa kazi mbili zisizopatana?

Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alipanga visahani vya fedha na zinki, katikati akatia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme utiririkao. Lakini umeme wa namna ile ukiisha, umekwisha. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alizamisha mabamba ya risasi katika maji ya tindikali, akaona kwamba betri yake ikiisha nguvu yaweza kujazwa tena, kama mtungi urudishwavyo kisimani. Betri zilizo nyingi za motokaa ni wajukuu wa ile.

Magari ya zamani yaliamshwa kwa hendeli. Mtu alisimama mbele ya gari, akazungusha chuma kwa nguvu zake zote. Na injini iliporudi nyuma ghafula, hendeli ilimpiga ikamvunja mkono. Basi twaweza kufahamu furaha ya watu Mmarekani Charles Kettering alipotengeneza mota ya umeme ya kuamshia injini, nayo ikatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kettering alitambua jambo moja: mota ile hufanya kazi kwa nukta chache tu, kwa hiyo yaweza kuwa ndogo, na bado ikabebeshwa mzigo mzito kwa kitambo kidogo.

Hapo betri ikapata kazi yake kubwa, yaani kutoa umeme mwingi kwa ghafula, kisha kujazwa tena injini izungukapo. Mabamba yake hufanywa mengi na membamba. Kuinyonya polepole hata ikauke, mara kwa mara, ni kuiua.

Kisha redio ikaingia garini. Mwaka 1930 ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walianza kuuza redio ya gari waliyoiita Motorola. Redio za siku zile zilitaka volti nyingi kuliko zile za betri ya gari, basi betri kavu za peke yake zilifichwa chini ya sakafu, zilipokwisha zilitupwa. Baadaye kikapatikana chombo cha kuongeza volti, redio ikaunganishwa na betri ya gari yenyewe. Watu walishangilia. Sisi twaona kwamba siku ile ndipo stata ilipopata mgomvi.

Mafundi hupatanisha ugomvi huo kwa betri ya pili, yenye mabamba manene yavumiliayo kunyonywa polepole. Wengi hudhani yatosha kuziunganisha mbili moja kwa moja. Kumbe zitakauka pamoja! Katikati hutiwa rilei, mfano wa mlango wenye bawabu. Injini ikizunguka na umeme wa kujaza kufika kama volti 14, mlango hufunguka, zote mbili zikajazwa. Injini ikizimwa, mlango hufungwa, na redio hula akiba ya betri ya pili peke yake. Wengine hutia dayodi, ipitishayo umeme upande mmoja tu, lakini aina iliyozoeleka hutoza ushuru wa zaidi ya nusu volti, na betri ya pili haijai sawasawa. Tena waya ule una umeme katika ncha zake zote mbili. Kwa hiyo fyuzi huwekwa karibu na kila betri, maana ukichubuka na kugusa chuma cha gari, moto huzuka.

Gari lile lilirudi kwetu mwaka uliofuata, betri ya pili ikiwa imefungwa nyuma ya kiti. Nyimbo zilififia, zikakoma katikati ya ubeti, watu wakanung'unika. Dereva akagusa ufunguo, injini ikaamka.