Mjomba, jibu lako limetoka Bagamoyo

Kwanza samahani jamani, nimepotea. Testi zimetuandama wiki nzima na bumu nalo limekata, basi tabu tupu. Ila leo lazima niwape stori moja.

Kila nikisema nasoma Kijerumani chuoni, swali ni lile lile: "Kitakusaidia nini?" Likizo iliyopita mjomba aliniuliza mbele ya ukoo mzima. Nikababaika, nikajitetea kwamba "shule" imetoka kwenye Schule, na "hela" kwenye Heller, ile sarafu ya Mjerumani ya 1904. Mjomba akasema, "Haya, kazilete hizo hela." Watu mbavu hawana!

Sasa jibu ninalo.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua chuo cha lugha pale Berlin, Seminar für Orientalische Sprachen, na Kiswahili kikafundishwa humo. Waliokaa madawatini walikuwa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara waliojiandaa kuja huku kwenye koloni lao. Yaani sisi tunavyotoka jasho na der, die, das, wao walitokwa jasho na ngeli! Na kuanzia 1900 hadi 1905 mmoja wa waliowafundisha alikuwa mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mzee huyu hakuishia kwenye salamu. Aliandika jinsi watu wa pwani wanavyozaliwa, wanavyochezwa unyago, wanavyooana na wanavyozikana. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903. Lakini jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Jina la Mtoro lilikuja kupanda jaladani 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza. Mwenyewe alishafariki tangu 1927.

Kuna kingine kilichoniuma zaidi. Mwaka 1904 Mtoro alioa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani. Kufika pwani, serikali ya koloni ikamkatalia mke kushuka. Mwanamke wa Kizungu kuishi na mume Mwafrika mbele ya macho ya watawaliwa? Haiwezekani! Wakageuza, wakarudi Ujerumani. Mtoro akaja kufundisha tena, safari hii Hamburg, na mwisho akafia Berlin. Aliwafundisha watu lugha ya kuingilia kwao, halafu yeye na mkewe wakazuiwa mlangoni.

Kwa hiyo sijidanganyi kwamba ukijua lugha ya mtu basi atakupenda. Mtoro aliijua.

Ila fikirieni hili. Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam kuna mafaili ya utawala wa Mjerumani, yaliyoingizwa 1997 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kesi za babu zetu, ardhi zao, kodi zao, yote yamo, kwa Kijerumani. Wangapi kati yetu tunaweza kufungua faili moja tukaelewa? Tusipojua kusoma, tutaendelea kusimuliwa mambo ya kwetu na wageni, na jina jaladani litakuwa lao tena.

Basi mjomba, hela sijaleta bado. Ila naenda kusoma barua ambazo babu yako aliandikiwa kesi asielewe hata neno.

Haya, narudi kwenye der, die, das, nisije nikala sapu bure. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.