Visanamu vya mezani na brashi mdomoni (Historia ya vitu vya nyumbani, sehemu ya 4)

Posti ya leo ni ndefu, kwa hiyo laza mtoto kwanza, chukua chai yako, halafu twende taratibu.

Mama mmoja anayetufuatilia kutoka Uingereza aliniandikia hivi: "Nesi, mume wangu ana visanamu vidogo vya mashujaa, majoka na wachawi, anavipaka rangi mezani tunapolia chakula. Vingine kanunua vya zamani, vya miaka ya 80. Mtoto ana miezi 9, anatambaa, kila kitu mdomoni. Nivitupe?"

Nikasema hili swali linastahili posti yake. Najua wengine mnajiuliza visanamu gani tena hivi. Ni sanamu zenye urefu wa kidole gumba hivi, zinazotumika kwenye michezo ya kuigiza mezani. Watu wanne au watano wanakaa, kila mmoja anachagua mhusika wake, mmoja anaongoza hadithi, dadu zinaamua kama shujaa kapona au kaliwa na joka. Mwenye kisanamu anakipaka rangi mwenyewe kwa brashi nyembamba, jicho kwa jicho, kifungo kwa kifungo. Ni kazi ya subira kama kuchora hina.

Kabla sijajibu nivitupe au nisivitupe, ngoja nikupe historia yake. Jibu limo humo humo.

Watoto waliofiwa na askari wa mbao

Juni 1826, katika kijiji cha Haworth kaskazini mwa Uingereza, mchungaji Patrick Brontë alirudi nyumbani na boksi la askari 12 wa mbao kwa ajili ya mwanae Branwell. Nyumba hiyo ilikuwa na watoto wanne, mkubwa miaka 10, mdogo 6. Mama yao alishafariki, na mwaka mmoja tu kabla walikuwa wamezika dada zao wawili.

Kila mtoto akachagua askari wake, akampa jina na tabia. Wakawatungia mji, wakauweka kwenye pwani ya Afrika Magharibi ambayo hawakuwahi kuiona, wakawa wanaandika habari zake kwenye vijitabu vidogo vya kutosha kushikwa na askari wenyewe. Mchezo huo uliendelea kwa miaka. Charlotte, Emily na Anne wakaja kuwa waandishi wakubwa.

Nakuambia haya ili ujue kwamba mtu mzima anayekaa na kisanamu chake kukitungia hadithi hajapungukiwa akili. Ni mchezo wa zamani, na umewahi kubeba huzuni za watoto. Lakini askari wale walikuwa wa mbao. Shida ilianza pale mbao ilipoachiwa nafasi na risasi.

Kwa nini risasi?

Risasi ninayosema hapa ni ile metali. Ni laini, ni nzito, na inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, moto ambao hata jiko la nyumbani linaufikia. Unaimwaga kwenye kalibu, inapoa haraka, na inashika kila mkunjo wa nguo.

Mwaka 1893 kiwanda cha familia ya William Britain, London, kilipata mbinu: unamwaga risasi ya moto kwenye kalibu, halafu kabla haijaganda katikati unamimina iliyobaki nje. Askari anatoka mtupu ndani. Metali inapungua, uzito unapungua, bei inashuka. Askari wa risasi wakaingia hadi kwenye nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kupigana vita vya askari hao sakafuni. Sakafuni, mama. Pale pale mtoto anapotambaa.

Daktari wa Brisbane

Tusiseme kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1904, huko Brisbane, Australia, daktari wa macho J. Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto wanaoletwa kwake wamelewa sumu ya risasi, na chanzo ni rangi ya nyumba zao. Rangi ya vizuizi vya baraza inageuka unga kwa jua, mtoto anashika, anaweka kidole mdomoni. Basi, ni hivyo tu.

Jimbo la Queensland likaja kupitisha sheria dhidi ya rangi ya risasi mahali watoto wanapofika mwaka 1922. Marekani ilizuia rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Piga hesabu: miaka 56 kati ya sheria moja na nyingine. Ni watoto wangapi wamelamba vidole katikati hapo?

Wasichana wa brashi

Hapa nataka usome polepole, maana tabia hii ipo hadi leo kwa wapaka visanamu.

Ukitaka nukta ndogo kama jicho la kisanamu, nywele za brashi lazima zichongoke. Njia rahisi kuliko zote ni kuichongoa kwa midomo. Kuanzia 1917, huko Orange, New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka rangi inayong'aa gizani kwenye nyuso za saa. Walifundishwa kazini kuchongoa brashi mdomoni, wakaambiwa haina madhara. Rangi ile ilikuwa na rediamu, yenye mionzi. Mwili unaichukulia rediamu kama kalsiamu, unaipeleka kwenye mifupa. Meno yakaanza kung'oka, taya zikaoza. Mwaka 1927 watano kati yao, akiwemo Grace Fryer, waliishtaki kampuni wakiwa tayari ni wagonjwa sana. Mwaka 1928 wakalipwa fidia.

Rangi za visanamu za leo nyingi ni za maji, aina ya akriliki, wala hazina rediamu. Lakini wako wapakaji wanaochongoa brashi kwa ulimi mpaka sasa. Kama muuguzi nasema: rangi ya maji haijawa chakula kwa sababu tu imeandikwa ni salama. Salama kwa kupaka ni jambo moja, salama kwa kumeza ni jambo jingine.

Joka, shetani na kile kisichoonekana

Sasa twende Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 tu za kuanzia. Wakati huo visanamu vya majini na majoka vilikuwa adimu, hata Gygax alitumia midoli ya plastiki ya bei rahisi kutoka Hong Kong kama majitu ya mchezo wake. Mchezo ulipokua, viwanda vikazaliwa: Ral Partha kule Cincinnati mwaka 1975, na Citadel huko Uingereza mwishoni mwa miaka hiyo ya 70. Visanamu vyao vya chuma vilikuwa na risasi ndani.

Miaka ya 80 wazazi wa Marekani wakaingiwa na hofu kubwa juu ya mchezo huu. Mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, alimpoteza mwanae mwaka 1982, na mwaka uliofuata akaanzisha shirika la kuupinga. Ilisemwa kwamba unawafundisha watoto uchawi na ibada za shetani. Simcheki mama aliyefiwa, na wewe usimcheke. Mtu mwenye uchungu anatafuta sababu. Lakini angalia: televisheni zilijaa mjadala wa shetani, na huku risasi yenyewe, unayoweza kuishika mkononi, ikaendelea kukaa mezani bila kelele za kiasi hicho.

Kwa upande wa hospitali, kipimo kilikuwa kinabadilika. Nchini Marekani, kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto cha kumshtua daktari kilikuwa maikrogramu 40 kwa desilita mwaka 1971. Kikashushwa hadi 25 mwaka 1985, 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021. Watoto ni wale wale, macho ya sayansi ndiyo yaliyofunguka. Shirika la Afya Duniani sasa linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 1993 jimbo la New York likajadili kupiga marufuku risasi kwenye vitu hivi. Ral Partha wakabadilisha metali yao, bei ikapanda, wateja wakanung'unika. Mwaka 1997 na wale wenye Citadel wakaachana na risasi. Leo visanamu vingi vipya ni vya plastiki, resini, au metali yenye bati bila risasi.

Na huku kwetu?

Usidhani hii ni habari ya Wazungu na midoli yao. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa magonjwa mengine mpaka kipimo kikaonyesha risasi. Aliuliza, akatishwa, akaendelea kuuliza. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kuhusu rangi, Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni. Ukinunua rangi ya kitanda cha mtoto, uliza dukani kama ina risasi. Ni haki yako.

Jibu la mama wa Uingereza

Usivitupe, na usigombane na baba. Fanyeni hivi:

1. Kisanamu cha chuma cha kabla ya miaka ya 90, hasa kizito kwa umbo lake na kinachoacha mstari wa kijivu kwenye karatasi, kichukulieni kuwa ni cha risasi. Kikae kabati lenye kioo, juu, kimefungwa.

2. Chenye unga mweupe au wa kijivu msikipulize wala kukisugua. Ni risasi iliyoliwa na hewa, na unga wake ndio hatari zaidi. Kiwekeni kwenye mfuko uliofungwa, mbali na mtoto.

3. Asipakie wala kukwangua visanamu mezani pa chakula. Awe na meza yake au ubao wake, afute kwa kitambaa chenye maji, asifagie vumbi kavu.

4. Brashi isiingie mdomoni. Aichongoe kwenye kitambaa chenye unyevu.

5. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Dawa ya kupaka mikononi haiondoi risasi.

6. Kama anachapisha visanamu kwa resini, ile ya majimaji inaunguza na kuwasha ngozi. Glovu, dirisha wazi, mtoto chumba kingine.

7. Kama mtoto ameshavinyonya, mpeleke kwa daktari uombe kipimo cha risasi kwenye damu. Usisubiri dalili, mara nyingi haziji mapema. Mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini ya chuma anafyonza zaidi. Kwa hiyo dagaa, maharage na mboga za majani pia ni sehemu ya kinga.

Baba aendelee kupaka majoka yake. Mtoto akikua, apewe ya plastiki naye atunge hadithi, kama watoto wale wa Haworth.

Kama nyumbani kwako kuna vichezeo vya zamani, rangi inayobanduka ukutani, au fundi betri jirani, niandikie hapo chini uko mkoa gani na mtoto ana umri gani. Sehemu ya 5 nitazungumzia wanja wa macho ya watoto wachanga, maana huko nako kuna risasi. Usiku mwema.