Neno Dogo la Kuulizia

Kiesperanto nacho kina "je", ila si hii yetu. Yao ni kihusishi kisicho na maana maalumu: ukikosa kinachofaa, unaweka "je" na maisha yanaendelea. Mimi naona ujanja mtupu hapo. Kazi ya "je" yetu, ya kutangaza kwamba swali linakuja, kule inafanywa na "ĉu". Tamka "chu". Li estas hejme, yuko nyumbani. Ĉu li estas hejme? Je, yuko nyumbani? Hakuna neno lingine linalosogea.

L. L. Zamenhof, daktari wa macho aliyeichapisha lugha hii Warsaw mwaka 1887, alizaliwa Białystok, mji wa Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani, kila kundi na lugha yake na chuki zake. Wapolandi huanza swali kwa "czy". Akalichukua, akalivisha herufi yenye kofia.

Kofia ikaleta noma, maana wapiga chapa wengi hawakuwa na herufi hizo. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe akapendekeza ziondoke, pamoja na ile -n inayobandikwa kwa mtendwa. Wasomaji wa gazeti la La Esperantisto wakapiga kura: wacha ibaki ilivyo. Hebu fikiria, mwenye lugha anaangushwa na wanafunzi wake! Lakini si yeye ndiye aliyeandika katika kitabu cha kwanza kwamba lugha ya kimataifa ni mali ya jamii, na haki zake anaziachilia?

Ugomvi ukarudi Paris mwaka 1907, kwenye kamati ya kuchagua lugha ya kimataifa. Louis de Beaufront alitumwa kukitetea Kiesperanto. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba pendekezo la kukirekebisha, lililoletwa kwa jina la kupanga la "Ido", lilikuwa lake. Jamani! Katika Ido kofia zilianguka, -n ikabaki pale tu mtendwa anapotangulia mtenda, na "ĉu" ikawa "ka". Kusema kweli, "ka" ni nadhifu zaidi. Baadhi ya viongozi walihama. Wengi wa wanachama wa kawaida walikataa, maana walikuwa wameshaandikiana barua kwa "ĉu" miaka mingi.

Louis Couturat, mwanafalsafa aliyeisukuma Ido kuliko wote, alikufa Agosti 1914, gari lake lilipogongwa na gari la jeshi vita vikianza. Ido ikapoa.

Waesperanto wasio na kofia kwenye kibodi siku hizi huandika "cxu", na wanaelewana.