Kukataliwa kwa viza ya Schengen

Kukataliwa kwa viza ya Schengen ni uamuzi wa ubalozi wa nchi mojawapo ya Eneo la Schengen kutompa mwombaji viza ya muda mfupi, yaani ile inayomruhusu mgeni kukaa hadi siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Eneo hilo lina nchi 29 za Ulaya. Uingereza na Eire hazimo. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni kati ya wale wanaotakiwa kuwa na viza hiyo kabla ya kusafiri. Viza ya masomo au kazi inayozidi siku 90 ni viza ya kitaifa, nayo hufuata sheria za nchi inayohusika.

Msingi wa kisheria

Viza ya Schengen inaongozwa na Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya (na. 810/2009), iliyoanza kutumika tarehe 5 Aprili 2010. Marekebisho yake makubwa yalianza kutumika tarehe 2 Februari 2020. Ibara ya 32 inaorodhesha sababu za kukataa. Mwaka 2013, katika kesi ya Koushkaki, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nchi haiwezi kukataa viza kwa sababu isiyokuwemo katika orodha hiyo, ingawa maofisa wana uhuru mpana wa kupima ushahidi.

Vituo vya kampuni binafsi vinavyopokea maombi na kuchukua alama za vidole katika miji mingi havina mamlaka ya kuamua. Uamuzi ni wa ubalozi, nao kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, au hadi siku 45 pale uchunguzi zaidi unapohitajika.

Sababu za kukataliwa

Anayekataliwa hupewa fomu ya aina moja kwa nchi zote za Schengen, ambayo ofisa huweka alama kwenye sababu moja au zaidi. Maneno yake ni mafupi na ya jumla, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa alama moja inaweza kubeba mambo mengi.

Baadhi ya sababu ni za wazi: pasipoti ya kughushi, kukosa bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, kumaliza siku 90 zinazoruhusiwa, au jina kuwekwa katika mfumo wa taarifa wa Schengen ili mtu asiruhusiwe kuingia.

Nyingine hutegemea maoni ya ofisa. Lengo na mazingira ya safari huonekana hayajathibitishwa pale barua ya mwaliko inapotaja wiki mbili huku hoteli ikiwa imelipiwa siku tatu, au mwaliko unapotoka nchi moja na muda mrefu wa safari ukawa katika nchi nyingine. Ombi linapaswa kupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo kituo kikuu cha safari, si kwa ubalozi unaosifiwa kuwa na huruma.

Kuhusu fedha, kiasi kilichopo benki si jambo pekee linaloangaliwa. Mshahara wa kawaida unaoingia kila mwezi hueleweka kuliko mamilioni yaliyowekwa siku chache kabla ya kuchapisha taarifa ya benki. Kama fedha hizo ni halali, kwa mfano za kuuza kiwanja au za mchango wa ndugu, maelezo na mkataba wa mauzo huhitajika. Ofisa hawezi kubuni asili yake.

Sababu inayoumiza zaidi ni shaka kwamba mwombaji hataondoka kabla viza haijaisha. Hapa ofisa hutazama kinachomrudisha mtu nyumbani: ajira, biashara, masomo, mume au mke, watoto, mali, na safari za awali alizorudi kwa wakati. Kijana asiye na ajira rasmi yuko katika hali ngumu hata akiwa mkweli kabisa, na barua ya mwenyeji wa Ulaya haitoshi kwa hilo. Nchini Ujerumani mwenyeji anaweza kusaini ahadi rasmi ya kulipa gharama mbele ya idara ya wageni, lakini ahadi hiyo inajibu swali la fedha tu.

Rufaa

Kanuni ya Viza inatoa haki ya kukata rufaa dhidi ya nchi iliyotoa uamuzi, kwa kufuata sheria za nchi hiyo. Mwaka 2017, katika kesi ya El Hassani, mahakama ya Umoja iliamua kwamba ni lazima iwepo njia ya kufika mahakamani.

Taratibu hutofautiana sana. Ujerumani ilikuwa ikiruhusu mwombaji kuandika pingamizi la bure kwa ubalozi wenyewe, lakini iliifuta njia hiyo duniani kote kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Iliyobaki ni kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin, inayoendeshwa kwa Kijerumani. Muda wa rufaa huandikwa kwenye uamuzi, na ukipita haki hiyo hupotea.

Rufaa ina maana zaidi pale ushahidi ulipokuwepo tayari na ofisa akaupuuza au akausoma vibaya. Kama hati ilikosekana, kuomba upya huwa njia fupi.

Kuomba upya

Hakuna muda wa kusubiri uliowekwa. Ibara ya 21 inasema wazi kwamba kukataliwa mara moja hakusababishi kukataliwa tena moja kwa moja. Ombi jipya hupimwa kwa taarifa zote zilizopo. Hata hivyo, kupeleka faili lilelile huleta jibu lilelile, na ada hairudishwi. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wazazi wawili wenye watoto wa miaka 8 na 10 hulipa euro 270 kila wanapojaribu, mbali na malipo ya kituo.

Ombi la pili lenye nguvu hujibu alama iliyowekwa kwenye fomu. Barua fupi hutaja tarehe ya kukataliwa, sababu iliyotolewa na kilichobadilika, na kila dai huambatana na hati: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara pamoja na risiti za kodi, au vyeti vinavyoonyesha undugu na mwenyeji.

Kuficha kukataliwa hakusaidii. Uamuzi huo na alama za vidole huhifadhiwa katika Mfumo wa Taarifa za Viza (VIS) hadi miaka 5, na balozi zote za Schengen huuona. Hatari kubwa hutoka kwa vishoka wanaouza taarifa za benki na barua za kazi za bandia: mtu aliyekosa hati moja tu, kasoro inayorekebishika, hubaki na rekodi ya udanganyifu. Fomu ya viza ya Uingereza nayo huuliza kama mwombaji amewahi kunyimwa viza na nchi yoyote, na uongo katika jibu unaweza kumfungia kwa miaka 10.

Mwombaji ana haki ya kuomba kuona taarifa zake zilizomo katika VIS, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa.