Msamaha kwa waliorudi kutoka Al-Shabaab (Kwale)

Mpango wa serikali ya Kenya uliotangazwa Aprili 2015 na Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148. Vijana waliokwenda Somalia kujiunga na kundi la Al-Shabaab waliahidiwa kutoshtakiwa iwapo wangejisalimisha.

Ahadi hiyo haikuwekewa msingi imara wa kisheria, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 iliendelea kuhesabu uanachama wa kundi hilo kuwa kosa. Huko Diani, Bongwe na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, kijana aliyerudi alibanwa pande zote: akijitokeza, wenzake wa zamani walimwona msaliti, akijificha, polisi walimwona gaidi. Baadhi yao waliuawa. Wazee wa Nyumba Kumi, mpango wa ulinzi wa jamii mitaani, waliodhaniwa kupeleka habari kwa polisi nao waliuawa, wengine majumbani mwao. Serikali ilikosea kutoa msamaha kabla ya kuandaa ulinzi.

Februari 2017 Kwale ilizindua mpango wake wa kukabili itikadi kali, ukishirikisha serikali, viongozi wa dini na mashirika ya kiraia.