Kumaliza Mchezo: Mrushaji wa Besiboli na Ugawaji wa Nguvu

Makala haya yanadai kwamba kumaliza mchezo katika besiboli ni ujuzi wa kugawa nguvu, na kwamba ujuzi huo umefifia katika ligi kuu ya Marekani kwa sababu timu zenyewe zimeacha kuufundisha.

Ukubwa wa mabadiliko haubishaniwi. Cy Young, aliyestaafu mwaka 1911, alianza michezo 815 na kuimaliza 749 bila kupokewa na mrushaji mwingine. Mwaka 1986 Fernando Valenzuela alimaliza 20. Tangu hapo hakuna aliyefikia idadi hiyo kwa msimu mmoja. Msimu wa 2024 timu zote 30 kwa pamoja hazikufikisha 40, ingawa kila moja hucheza michezo 162.

Wapo wanaosema warushaji wa leo hawana moyo. Hilo silikubali hata kidogo. Hoja nzito ni ya kitakwimu, waliyoifafanua wachambuzi Tango, Lichtman na Dolphin katika kitabu chao The Book: mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu humpiga vizuri zaidi, kwa kuwa ameshaizoea mirusho yake. Ndiyo maana katika mchezo wa sita wa fainali ya 2020 kocha Kevin Cash wa Tampa Bay alimwondoa mrushaji wake Blake Snell kwenye awamu ya sita kati ya tisa, akiwa amerusha mara 73 tu na timu yake ikiongoza. Wapinzani wao, Dodgers, walipindua matokeo katika awamu hiyohiyo na kutwaa ubingwa. Mchezo mmoja haubatilishi takwimu za maelfu, na kumhukumu Cash kwa huo pekee ni kumwonea. Swali ni takwimu hizo zinampima nani. Mrushaji anayejua kuwa atapokewa katika awamu ya tano hana sababu ya kuweka akiba ya nguvu, wala ya kujifunza aina ya nne au ya tano ya mrusho ili kumchanganya mpigaji aliyekwisha kumsoma. Hurusha kwa nguvu zote, kwa namna mbili tatu, kisha takwimu zikathibitisha kuwa alistahili kuondolewa. Mfumo unajitengenezea ushahidi.

Hudaiwa pia kuwa utaratibu huu wa kuwaondoa mapema unalinda viwiko vya warushaji. Ripoti ya ligi yenyewe ya Desemba 2024 inaudhoofisha utetezi huo: wastani wa kasi ya mrusho wa nguvu ulipanda kutoka karibu kilomita 147 kwa saa mwaka 2008 hadi karibu 152 mwaka 2024, na kasi hiyo ikatajwa miongoni mwa visababishi vikuu vya majeraha. Hata hivyo, ya kale nayo si ya kutukuzwa. Mwaka 1980 Billy Martin, kocha wa Oakland, aliwaacha warushaji wake wamalize michezo 94, Rick Langford peke yake 28. Miaka michache baadaye mikono ya vijana wale ilikuwa imeharibika. Hata katika zama hizi, mrushaji Sandy Alcántara alimaliza michezo 6 mwaka 2022, na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Kurusha sana kuna hatari. Kurusha kidogo kwa nguvu zote kuna hatari pia.

Oktoba 2025 Yoshinobu Yamamoto wa Dodgers alimaliza michezo miwili mfululizo aliyoianza katika hatua ya mchujo: wa kwanza kwa mirusho 111, wa pili, wa fainali mjini Toronto, kwa 105, akiwatoa wapigaji 20 wa mwisho bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Amekulia katika ligi ya Japani, ambako mrushaji anayeanza hupumzika karibu juma zima, na ana aina nyingi za mirusho. Njia ya kuwapata wengine kama yeye ipo. Ligi kuu ya Marekani tayari inaruhusu warushaji 13 tu katika kikosi cha wachezaji 26. Ukomo huo ukishushwa taratibu hadi 11, makocha watalazimika kulea warushaji wanaojua lini wapunguze kasi, na malezi hayo yatabidi yaanzie kwenye timu za vijana.